Mfupa Haulindwi kwa Kupumzishwa

Mabibi na mabwana,

Wengi wetu huufikiria mfupa kama nguzo ya nyumba, kitu kikavu kilichosimikwa mara moja na kuachwa kichakae. Sivyo ulivyo. Mfupa ni kiungo hai: zipo seli zinazoumega pale ulipochakaa na nyingine zinazojenga upya mahali hapo, na kazi hiyo haikomi maisha yote. Hadi umri wa miaka 30 hivi ujenzi huushinda umegaji. Baadaye mizani huinama taratibu upande wa pili, na kwa mwanamke aliyekoma hedhi huinama kwa kasi, kwa kuwa homoni ya estrojeni iliyokuwa ikizizuia seli zinazomega imepungua.

Kinachonisikitisha ni kwamba upungufu huo wa mfupa wenyewe hauumi. Pingili za uti wa mgongo huweza kubonyea bila mwenyewe kujua, kimo kikapungua na mgongo ukapinda, nasi tukasema ni uzee. Vivyo hivyo mtu mzima aliyejikwaa akiwa amesimama tu, akavunjika kifundo cha mkono, hufungwa plasta na kurudishwa nyumbani, ilhali alistahili kupimwa uimara wa mifupa yake, kwani mfupa imara kwa kawaida huhimili anguko kama hilo.

Kosa letu kubwa, nalo hutokana na mapenzi, ni kumkalisha mzee. Mfupa hujijenga kwa kadiri ya mzigo unaoubeba. Wanaanga, watu wenye siha tele, wanapoelea angani hupoteza takriban asilimia 1 ya mfupa wa nyonga kila mwezi. Itakuwaje kwa mama wa miaka 70 tunayemkataza hata kupanda ngazi? Kutembea kwa haraka, kunyanyua vitu kwa kiasi anachokimudu, na kusimama kwa mguu mmoja karibu na kitu cha kushika, vyamfaa kuliko kiti. Kuogelea hunufaisha moyo, lakini maji huupokonya mfupa mzigo wake.

Chakula nacho kina sehemu yake: mwanamke aliyepita miaka 50 huhitaji takriban miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku, pamoja na vitamini D ya kuifyonza. Sigara na pombe nyingi huudhoofisha mfupa. Anayemeza prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe ambayo nayo hudhoofisha mifupa, kwa miezi 3 au zaidi amwulize daktari wake kuhusu mifupa, bila kuikatiza dawa kwa hiari yake.