Kirusi Kinapopotea Ndani ya Seli

Ndugu zangu, kuna neno moja linanisumbua: kwamba kirusi "huzaliana". Likitamkwa, mtu anapata picha ya kijidudu kinachokua, kikagawanyika, vikawa viwili. Bakteria ndivyo walivyo. Kirusi hakigawanyiki kamwe. Kirusi hufumuka chote, kisha huundwa upya.

Tutazame cha mafua. Upana wake ni kama nanomita 100, yaani ukivipanga virusi 10,000 kwa mstari unapata milimita moja. Juu ya ganda lake vimesimama vijiti vya protini, navyo hunasa kwenye sukari maalumu iliyo juu ya seli za njia ya hewa. Seli hukimeza yenyewe, ikakifungia ndani ya kifuko. Kisha kifuko kinazidi kuwa na asidi. Nimelieleza jambo hili mara nyingi na bado linanistaajabisha: asidi hiyo ndiyo ishara ambayo kirusi kilikuwa kikiingoja. Vijiti vinakunjuka, vinachoma ukuta wa kifuko, utando wa kirusi unaungana na wa kifuko, na vipande 8 vya RNA, yaani molekuli zinazobeba maagizo ya kuunda kirusi, vinamwagikia ndani, vikaelekea kwenye kiini cha seli.

Sasa kirusi kiko wapi? Hakipo! Ipasue seli saa hiyo, hutakuta hata kimoja kizima. Wanasayansi walioliona hili kwenye virusi vya bakteria walikiita kipindi hicho kupatwa, kama jua linavyopatwa. Mwaka 1952 Alfred Hershey na Martha Chase walionyesha kwamba kinachoingia ndani ya bakteria ni DNA hasa, ambayo nayo ni molekuli ya maagizo. Protini nyingi hubaki nje.

Kilichobaki, basi, ni maagizo. Ribosomu za seli huyasoma na kuunda protini za kirusi, maana hazina namna ya kujua yametoka kwa nani. Sehemu huundwa mbalimbali, zikakutana chini ya utando na kuchomoza nje zikiwa virusi vipya.

Lakini ile sukari bado ipo, na virusi vipya vingenata hapohapo. Kwa hiyo kila kimoja hubeba kimeng'enya cha kuikata. Dawa ya oseltamivir huzuia mkasi huo. Seli iliyokwisha kutekwa haiokoki. Vinavyozuiwa ni vile vinavyotaka kuifikia ya jirani. Ndiyo maana daktari hupenda kuianza ndani ya saa 48 tangu dalili zijitokeze.