Siku Diski Inapokufa: Tupangeje Seva ya Nyumbani?

Ndugu zangu, swali la leo nimeulizwa mlangoni kabla sijakaa: "Mwalimu, nina diski nne za terabaiti 8, nizipangeje nipate nafasi kubwa?" Nimelikataa swali hilo mara nyingi, na leo nalikataa tena. Anza na swali lingine: diski moja ikifa usiku wa leo, mali yangu itakaa hatarini kwa muda gani?

RAID ni kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, na RAID 5 hutenga nafasi ya diski moja kwa pariti, yaani hesabu za kurudishia data diski moja ikifa. Inapendwa kwa sababu inakuachia terabaiti 24 kati ya 32. Shikeni kalamu sasa. Diski ikifa unaweka mpya na data yake inajengwa upya humo; diski hiyo ya terabaiti 8 ikiandikwa megabaiti 150 kwa sekunde, bila kupumzika, inajaa baada ya saa kama 15. Hapo seva haiguswi na mtu. Watoto wakiangalia filamu na kamera za getini zikirekodi, kazi inaweza kufika siku mbili tatu. Watafiti Patterson, Gibson na Katz walipoandika hoja ya RAID kule Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani, mwaka 1988, walipiga hesabu kwa diski ndogo za megabaiti 100. Tangu hapo ukubwa umekimbia, kasi imebaki nyuma.

Na saa zote hizo diski tatu zilizobaki zinasomwa mwanzo hadi mwisho, bila wa kuzishika mkono. Ulizinunua lini? Siku moja, duka moja, boksi moja. Zimeishi kwenye joto moja, umeme umezikatikia pamoja. Mpiga picha mmoja wa harusi aliniletea seva ya namna hiyo. Diski ya kwanza ilikufa, tukaweka mpya, na kabla ujenzi haujaisha ya pili ikaanza kugoma. Tuliokoa sehemu tu. Kati ya zilizopotea zilikuwemo picha za bibi harusi na baba yake, mzee aliyefariki miezi michache baada ya sherehe. Nilikuwa nimekaa pembeni ya mpiga picha alipompigia bibi harusi simu kumweleza. Kwa hiyo msiniambie terabaiti 8 "zinapotea bure" mkipanga vingine.

Najua atasimama mtu aseme makaratasi ya viwanda yanatisha kupita kiasi. Kweli, diski nyingi za nyumbani zimeandikwa kosa moja la kusoma kwa kila biti trilioni 100, yaani terabaiti 12.5, na nyingi hufanya vizuri kuliko hapo. Lakini wewe una terabaiti 24 za kusoma, huna akiba, na baadhi ya mitambo ya RAID huacha kazi ikikutana na kosa moja tu. ZFS, mfumo wa kuhifadhi faili wenye RAID yake, ina afadhali: ikikutana na kosa kama hilo, kwa kawaida unapoteza faili husika na kuambiwa ni ipi.

Basi kwa diski nne chagueni pariti mbili, yaani RAID 6, au RAID-Z2 ya ZFS. Mnabaki na terabaiti 16, na diski zozote mbili zikifa data ipo. Pacha pacha, yaani diski mbili mbili zenye data ile ile, nazo zinatoa 16, na ujenzi wake ni mwepesi kwa kuwa inasomwa diski moja tu, ila baada ya kifo cha kwanza, kati ya tatu zilizobaki kuna moja ambayo ikimfuata mwenzake yote yamekwisha. Mwenye diski mbili asisumbuke, aweke pacha alale.

Naona naonyeshwa saa. UPS, betri ya kushikilia seva umeme ukikatika, ni lazima, umeme wetu mnaujua. Wekeni ratiba ya kuzikagua diski nzima kila mwezi. Na RAID si nakala: ukifuta faili, imefutika kwenye diski zote papo hapo, kwa hiyo nunueni diski ya nje ikae nyumba nyingine, kwa dada au kwa shemeji. Aliyekuja na seva yake aisogeze hapa mbele tuifungue.