Injini za NZ: Kuitambua na Kuikagua Kabla Hujatoa Hela

Habari zenu wadau, karibuni tena gereji. Leo hatufungui injini. Leo nataka nikuonyeshe namna ya kukagua gari lenye injini ya NZ kabla hujamhesabia mtu hela yako. Utahitaji kitambaa cheupe, tochi, spana ya boksi namba 10, na masikio. Masikio hasa.

Kwanza, NZ ni ipi? Ni familia ya injini ndogo za Toyota, silinda nne, valvu 16, petroli. IST, Probox, Spacio, Raum, Platz, Funcargo, bB, Premio na Allion za cc 1500, Fielder: ukisimama barabarani dakika tano, nyingi ya hizo zinapita mbele yako. Bloku ni aluminiamu, ndani ina sleevu za chuma, na taiming yake, yaani ule mpangilio unaofungua valvu kwa wakati wake, ni ya cheni, siyo mkanda. Hiyo cheni ikumbuke, tutarudi kwake.

Haya, fungua boneti. Dogo, sogeza kamera hapa. Tafuta kibati cha utambulisho, mara nyingi kiko kwenye ukuta unaotenganisha injini na dashibodi. Gari nyingine kiko kwenye nguzo ya mlango. Angalia mstari ulioandikwa ENGINE. Ukiona 1NZ, hiyo ni lita 1.5. Ukiona 2NZ, ni lita 1.3. Madalali wanakwambia "cc 1490" na "cc 1290", ni hizo hizo.

Tofauti iko wapi? Kipenyo cha silinda ni kile kile, milimita 75. Kinachobadilika ni safari ya pistoni: 1NZ inatembea milimita 84.7, 2NZ milimita 73.5. Kwa hiyo ukiziangalia kwa nje utapigwa chenga, zinafanana kama mapacha. Ndiyo maana usikubali maneno, soma kibati, halafu linganisha namba iliyogongwa kwenye bloku, upande wa giaboksi, na ile ya kwenye kadi ya gari. Wakenya, kwenu ni logbuku. Mtu aliyeng'oa 2NZ akapachika 1NZ hajatenda dhambi, gari linapata nguvu zaidi. Lakini kama hakubadilisha kadi, matatizo yake umeyanunua wewe.

Herufi za nyuma nazo zinasema. F ni aina ya silinda hedi (kile kichwa cha injini) yenye kamshafti mbili, yaani shafti zinazofungua valvu, iliyotengenezwa kwa kubana matumizi. E ni mafuta yanayopulizwa kwa umeme. Ukiona 1NZ-FXE, ile X ni ya haibridi: Prius na Aqua za mwanzo. Na hapa kuna jambo wengi hawalijui. Hii ya haibridi ndiyo iliyotangulia kuingia sokoni, ndani ya Prius, Desemba 1997. Hizi FE za kawaida zilifuata 1999. Ya haibridi inachelewa kufunga valvu za kuingiza hewa ili kubana mafuta. Ukaguzi wake una mambo yake: injini inawaka na kuzima yenyewe, na nyaya za rangi ya chungwa ni za umeme mkubwa, usiziguse. Video yake itakuja peke yake.

Tahadhari nyingine ndogo: siyo kila Vitz ni NZ. Vitz ya cc 1000 siyo, na hata baadhi za 1.3 zina injini za familia nyingine. Soma kibati.

Sasa kazi yenyewe. Kanuni yangu ni moja na sibadilishi: injini lazima iwe baridi. Unapopiga simu kwenda kuona gari, mwambie muuzaji asiliwashe. Ukifika, kabla ya salamu kuisha, weka kiganja juu ya kava la tapeti, kile kifuniko cha juu ya injini. Lina joto? Muulize kwa nini. Niliwahi kumsindikiza shemeji yangu kununua IST, tukalikuta linanguruma getini, "nilikuwa nalipasha tu bosi." Likatulia vizuri kweli. Kesho yake asubuhi, nyumbani kwa shemeji, likawaka kama mtu anatikisa kopo la misumari. Siku hiyo mimi ndiye niliyejifunza.

Vuta stiki ya oili. Ifute, irudishe, ivute tena. Kiwango kiwe katikati ya alama mbili. Oili nyeusi siyo kosa, oili inayofanya kazi huwa nyeusi. Kosa ni kiwango kuwa chini ya alama, maana yake mwenye gari haangalii, au injini inakula. Kisha fungua kifuniko cha kujazia oili na umulike ndani kwa tochi. Unataka kuona chuma chenye rangi ya asali au kahawia kidogo. Ukiona tope jeusi limeganda kama lami, funga kifuniko, funga na mazungumzo.

Nakomalia oili kwa sababu hii: kikazio cha cheni kinasukumwa na presha ya oili. Mfumo wa VVT-i, unaogeuza kamshafti ya kuingiza hewa, nao unatumia oili hiyo hiyo. Injini yote ukibadilisha na filta inabeba lita 3.7 tu. Ikipungua lita moja, zaidi ya robo imeondoka. Cheni ikilegea hadi ikaruka meno, valvu na pistoni zinakutana, na hapo unatafuta injini nyingine.

Sasa mwambie mtu awashe, wewe simama upande wa cheni, ule upande wenye mkanda wa nje, mkabala na giaboksi. Usiongee. Mlio mfupi wa sekunde moja hivi, kisha kimya, mimi naweza kuuvumilia na kuupunguzia bei. Mlio wa kukwaruza unaoendelea sekunde tano, kumi, hiyo ni cheni au kikazio, hesabu gharama ya kufungua mbele yote. Wakati huo dogo wako awe nyuma anatazama bomba la moshi. Mvuke mweupe asubuhi ni kawaida. Moshi wa bluu ni oili inaungua.

Acha ingurume mpaka ipate joto. Kama ilianza juu, itashuka polepole hadi mizunguko kama 700. Ikipanda na kushuka yenyewe, mara nyingi ni uchafu kwenye throto, ule mlango wa kuingizia hewa, kazi ndogo hiyo, usiogope. Baada ya dakika tano za kunguruma, kanyaga mafuta kwa ghafla. Bluu ikitoka hapo kisha ikaisha, shuku sili za valvu. Ikitoka kila gari likipanda mlima, shuku ringi za pistoni, na hasa zile za oili. NZ za mwanzo zinasifika kwa ugonjwa huo, kaboni inaziba ringi.

Kwenye dashibodi: zima, kisha fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini lazima iwake. Isipowaka, huenda kuna mtu ameizima ili usiione. Na gari nyingine za NZ hazina mshale wa joto, zina taa tu, bluu ikiwa baridi, nyekundu ikichemka. Ile nyekundu ikiwaka, hedi ya aluminiamu huenda tayari imeshaumia. Kwa hiyo tazama maji ya rejeta gari likiwa baridi: yawe na rangi ya kulenti (ile dawa ya kupoza injini), yasiwe ya kutu wala na mafuta juu.

Mwisho, injini ikishapoa, fungua bolti ya koili moja, ile inayopeleka umeme kwenye plagi, kwa ile spana namba 10, vuta koili taratibu, mulika shimo la plagi. Likiwa na oili, sili za kava la tapeti zimechoka. Siyo kifo, ila ni hoja ya bei. Rudisha koili, bana kwa kiasi, ile bolti inaingia kwenye aluminiamu.

Halafu liendeshe kilomita kumi, lipumzishe, vuta stiki tena.