Kisu Chenye Kutu Usikilaze Kwenye Siki

Jamani najua wengine hapa mmeshanisikia kwenye hili, ila nitalirudia mpaka watu waache kulaza visu kwenye siki.

Kisu kimeshika kutu, mtu anakitumbukiza kwenye siki anaenda zake kulala. Siki ni asidi, ikimaliza kutu inahamia kwenye chuma chenyewe. Kuna dada aliniletea kisu cha marehemu bibi yake, chuma cha kawaida sio stenlesi, kilikuwa na madoa mawili tu ya kutu, kila moja kama ukucha wa kidole kidogo. Akakiloweka toka Ijumaa jioni mpaka Jumapili, na mpini wa mbao humo humo! Nilipokishika bapa lote jeusi, ukipitisha ukucha unasikia vishimo, makali yameliwa yamekuwa meno meno, mpini umevimba, ribiti (vile vijisumari vinavyoshika mpini) zinacheza. Nikakaa karibu saa nzima kwenye jiwe natafuta chuma kizima na kisu kikabaki chembamba, iliniuma sana kwa kweli, maana yale madoa mawili ni kazi ya dakika kumi.

Unalaza kisu kwenye ubao, makali yaangalie upande wa pili, unapaka siki au ndimu palepale penye kutu, dakika 5, unasugua taratibu kufuata urefu wa bapa. Haijaisha, rudia. Stilwaya ile nene achana nayo, inachora chuma, na kwenye michoro ndiko maji yanakojificha.

Halafu sasa hapa ndipo mnaponichosha. Ukimaliza suuza kwa sabuni, futa HAPO HAPO kwa kitambaa kikavu, pitisha tone la mafuta. Sio unakisimamisha kwenye chombo cha kuchujia maji unasema kitakauka chenyewe, chuma kilichotoka kuvuliwa kutu kiko uchi kabisa, saa chache tu rangi ya chungwa imerudi, halafu mtu anasema siki haifanyi kazi.

Mtasema changu stenlesi. Sawa, ina madini ya kromi kuanzia asilimia 10.5, yanaweka utando mwembamba usioonekana unaokinga chuma, lakini chumvi na dawa za klorini zinautoboa, utaona vidoa kama ncha ya sindano. Kwa hiyo na chenyewe kifute.

Na ile rangi ya kijivu ya kubluu kwenye visu vya chuma cha kawaida msiitoe, sio kutu, inasaidia kukikinga. Kutu ukiipangusa inaacha unga wa kahawia kidoleni.

La pepopunda mliloniuliza, kama kutu ndiyo inaileta: kutu yenyewe haileti, ni bakteria wanaokaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, kwa hiyo ukijikata kidonda kilichoingia ndani nenda ukaangaliwe na uulizie chanjo, hata kama kisu kilikuwa kinang'aa.