Dawa Isiyofanya Kazi Gizani

Mabibi na mabwana, pokeeni mbegu hizi mpitishiane, ila msizitafune. Ni nyeusi, ndogo kuliko choroko, zimepinda kama figo. Wahindi huziita bakuchi, Wachina bu gu zhi. Katika Ayurveda, tiba ya jadi ya India, ni dawa ya kale ya mbalanga, yale mabaka meupe ambayo huku kwetu humfanya mtu avae mikono mirefu hata jua la Januari.

Matabibu wa Asia hupenda kuchanganya mimea mingi katika dawa moja. Bakuchi huaminiwa hata ikiwa peke yake. Naam, peke yake, lakini ina mwenzake: mgonjwa hupakwa mafuta ya mbegu, kisha huketi juani. Bila jua, amepakwa mafuta tu.

Siri yake ni soraleni, kemikali ambayo wanakemia wa India waliitenga kutoka mbegu hizi mwaka 1933. Ikipigwa na miale ya urujuanimno iliyomo katika mwanga wa jua, hujifunga kwenye DNA ya seli. Chembe za rangi zilizobaki kwenye mashina ya nywele huamshwa, zikapanda juu. Ndiyo maana rangi hurudi kwa vidoadoa kuzunguka vinyweleo, si baka zima kwa mpigo. Sasa tazameni viganja vyenu. Havina nywele. Hapo dawa mara nyingi hushindwa, na mbalanga hupenda kukaa mikononi!

Mwaka 1974 madaktari wa Marekani walichapisha tiba ya vidonge vya soraleni na taa maalumu kwa wagonjwa wa soriasisi, ugonjwa wa ngozi yenye magamba. Tiba hiyo ni PUVA. Herufi P ni ya soraleni, ambayo kwa Kiingereza huandikwa psoralen, na UVA ni aina ya miale ya urujuanimno.

Dada hapa mbele anauliza kama aagize mafuta ya bakuchi ampake mwanawe. Hapana, dada yangu. Aliyewahi kukamua ndimu juani mkono ukababuka anajua ninachosema. Ndimu nayo ina kemikali za ukoo huo. Hospitali hupima dawa na mwanga pia. Chupa ya mtaani haikuambii ina soraleni kiasi gani, na jua la saa sita halina kipimo. Wapo waliomeza bakuchi wakaumia ini. PUVA yenyewe, ikitumika miaka mingi, huongeza hatari ya saratani ya ngozi.

Basi nirudishieni mbegu zangu. Na mliozishika, naweni mikono kabla ya kutoka nje.