Shairi la Msiba si Wasifu wa Marehemu
(Mhadhara uliotolewa Moshi)

Ndugu zangu, wengi hapa mnajua vina (silabi za mwisho zinazofanana) na mizani (hesabu ya silabi), sianzii huko. Naanza na jambo ninalolipigia kelele kila siku: mashairi yetu ya msiba yanafanana mno. Badilisha jina tu, la Machame litasomwa Marangu.

Sikilizeni: "Mama umetutoroka, machozi yanamwagika." Hesabuni. 8 kwa 8, vina vimekaa. Lakini ni mama gani huyo? Vina vya -ka na -ia vinapatikana kirahisi kwa sababu vitenzi vyetu vingi vinaishia hapo: umeondoka, tumesikitika, umetutangulia, tunakulilia. Mwandishi anadhani anaomboleza, kumbe kina ndicho kinachomwandikia.

Sasa hii:

Jembe lako la kihamba, limelala mlangoni,
Magugu sasa yatamba, mpaka pale uani.

Hamna chozi humo. Ila aliyelelewa kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani, anajua: mama huyu asingekubali magugu yapite migomba yafike uani. Magugu ndiyo yanayotuambia hayupo. (Na msinikatalie mizani: m ya "mlangoni" na ya "mpaka" ni silabi kamili, inahesabiwa.) Kwa hiyo kabla ya kushika kalamu, kaa na wafiwa, uliza: alishika nini kila siku? Alipenda kukaa wapi? Akikasirika alisemaje? Halafu chagua kitu kimoja. Ukijaza jembe, kanga, redio na kikombe kwenye ubeti mmoja, kila kimoja kinakifunika kingine, na msikilizaji haoni hata kimoja.

Mtaniuliza, mwenye uchungu atapata wapi moyo wa kuhesabu mizani? Ndiyo maana ahesabu! Msomaji huwa ni mtoto au mjukuu, sauti inatetemeka. Kila baada ya mizani 8 pana kituo. Hapo anavuta pumzi, anameza mate, anaendelea. Mpe mshororo (mstari) wa mizani 18 usio na kituo, pumzi itamkatikia katikati ya neno na hatarudi tena.

Wasifu nao umeshasomwa: alizaliwa lini, alisoma wapi, ameacha wajukuu wangapi. Shairi lirudie ya nini? Msemeshe marehemu. Shaaban Robert alipomlilia mkewe, neno la kwanza kabisa la shairi ni jina lake, Amina. Mtasema aliyekufa hasikii. Sawa, lakini walioketi chini ya turubai wanasikia, na ukisema "wewe", kila mmoja anaongea naye kimoyomoyo.

Naona naonyeshwa saa. Kibwagizo, mstari unaorudiwa mwisho wa kila ubeti, kilistahili muda wake, basi kwa kifupi: kibebe kile kitu ulichokichagua. Kufikia ubeti wa tatu waombolezaji wameshakishika, wataitikia. Beti 5 au 6 za tarbia (mistari minne kila ubeti) zinatosha, hazifiki dakika 3 hata ukisoma taratibu. Utenzi, shairi refu la kusimulia, uacheni kwa arobaini, ambako kuna nafasi. Mashairi huru, yasiyofuata vina na mizani, siyagusi leo. Na andikeni kwa herufi kubwa, kila ubeti ukurasa wake, maana macho yenye machozi hupoteza mstari. Nakala nyingine apewe mtu wa kusimama karibu na msomaji, aendeleze sauti ikikatika.