Usivute, usukume

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Asanteni kwa kuja na jua hili la Dodoma.

Mimi nimekulia Kwa Mtoro, kwa Wasandawe. Kwetu upinde ulining'inia ukutani kama jembe linavyoegemea mlango. Babu ndiye aliyenifundisha kulenga, na kila nilipovuta ugwe kwa pupa alinishika bega: "Usivute, mjukuu wangu. Usukume upinde." Miaka ikapita sijamwelewa. Aliyekuja kunielewesha ni Mmarekani asiye na mikono.

Anaitwa Matt Stutzman, mzaliwa wa Kansas mwaka 1982. Alizaliwa hivyo, akaasiliwa akiwa bado mtoto mdogo, akakulia Iowa. Ukubwani alikosa kazi huku ana familia ya kulisha, akashika upinde ili apate kitoweo porini. Jamani, hapo hata babu yangu angemwita ndugu.

Sasa niangalieni. Nakaa kwenye kiti hiki. Upinde unashikwa na vidole vya mguu wa kulia. Ugwe umenaswa na kifaa kidogo kilichofungwa kwenye mkanda wa begani. Nikinyoosha goti taratibu, upinde unakwenda mbele na ugwe unabaki nyuma, kwenye bega. Taya likigusa kile kifaa, mshale umeondoka. Mmeona? Hakuna kilichovutwa. Ni mguu tu umesukuma. Na upinde wake ni ule wenye magurudumu madogo nchani. Ukishafika mwisho, magurudumu hupunguza sehemu kubwa ya uzito, ndiyo maana mguu hautetemeki wakati jicho linatafuta shabaha.

London 2012 alipata medali ya fedha ya Paralimpiki, ile michezo mikubwa ya dunia ya watu wenye ulemavu. Mwaka 2015 alipiga shabaha iliyokuwa mita 283 na ushei, karibu viwanja vitatu vya mpira, akaweka rekodi ya dunia iliyokuwa ya watu wenye mikono. Rio hakupata medali, Tokyo pia hakupata. Alikuwa ameshavuka miaka arobaini alipoingia fainali ya Paris 2024. Mishale 15, umbali wa mita 50, na duara la alama kumi lina upana wa sentimita 8, kama mdomo wa kikombe cha chai. Alipata 149 kati ya 150. Mshale mmoja tu ulikosa kumi, nao ukaangukia tisa! Ile fainali nimeirudia mara nyingi, na bado koo hunikaba.

Paris hiyo hiyo alikuwepo Sheetal Devi wa India, binti wa miaka 17, naye hana mikono, naye anapiga kwa mguu. Aliondoka na shaba ya timu ya mchanganyiko, yaani mwanamke na mwanamume wakipiga pamoja.

Nina jambo la kuungama mbele yenu. Miaka ya nyuma nilikuwa nafundisha watoto upinde, akaja kijana mwenye mkono mmoja. Nilimpa daftari, nikamwambia akae pembeni aandike alama za wenzake. Aliziandika vizuri, mistari imenyooka, mpaka jioni. Hakurudi tena, na mimi sikumfuata.

Mwezi uliopita nimeambiwa yupo Chemba, ana duka. Jumamosi nakwenda, na kiti hiki nakibeba.